Chama ni Daftari: Mikusanyiko na Vikundi Vyetu Baada ya Msimu

Hii ni mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya viongozi wa vikundi vya kijamii vya Nachingwea na wageni wao kutoka Ruangwa. Tunaichapa kwa ajili ya wakazi wa kata ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimezoea kusimama mbele yenu nikieleza habari za barabara, visima, zahanati na madarasa. Leo nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo halina jengo wala bango, nalo ni mikusanyiko yetu na vyama vyetu. Wapo watakaojiuliza kama ngoma, upatu, timu ya mpira na chama cha kufa na kuzikana ni mambo ya kuzungumzwa na mtumishi wa Halmashauri. Naomba niwajibu kwa swali. Mtu akifiwa saa nane usiku, nani hufika kwanza? Anayetangulia ni jirani mwenye kanga begani. Nyuma yake huja wanachama wa kikundi wakiwa na sufuria, turubai na unga. Gari la serikali huja baadaye, kama litahitajika. Hiyo ni huduma ya jamii, tena kongwe kuliko huduma zote tunazozitangaza katika jarida letu.

Ndugu wananchi, jambo hili halikuanza jana. Wazee wetu Wamwera, Wamakonde, Wayao na wengine waliokutana katika ardhi hii walikuwa na jando na unyago, walikuwa na kazi ya ujima shambani, na walikuwa na utani uliowafanya watu wa makabila jirani wazikane na kutaniana hata penye kilio. Ukoloni ulipokuja na kuwakusanya watu mijini, mashambani na jeshini, watu hao hawakukaa kama yatima. Walianzisha vyama. Ngoma za beni, zilizoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, zilienea hadi Tanga, Dar es Salaam na miji ya kusini. Mtu aliyezitazama kwa mbali aliona sare, tarumbeta na vyeo vya mchezo, wakiwamo wafalme na majenerali. Aliyekuwa ndani alijua kwamba kulikuwa na michango, na kwamba mwanachama mgonjwa alitazamwa na mwanachama aliyekufa ugenini alizikwa kwa heshima.

Vyama vya ngoma vilifanya kazi kubwa hata katika kudai uhuru. Mwaka 1955, TANU ilipotafuta wanachama wanawake jijini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed hakuanzia ofisini. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, na alikwenda kwa wanawake wenzake kupitia viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa tayari walikuwa na viongozi waliowaamini na mahali pa kukutania. Tukumbuke hilo tunaposikia mtu akisema kwamba vikundi vya akina mama ni vya kupoteza muda.

Hapa kwetu Nachingwea tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule Mpango wa Karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na hapa. Zililetwa mashine za kung'oa miti, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikafika hapa Nachingwea. Januari 1951 serikali hiyo ilitangaza kuachana na mpango huo, baada ya kupoteza pauni zaidi ya milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa. Baadaye, katika eneo tunaloliita Farm 17, jina lililobaki kutoka katika mashamba yale yale ya karanga, walikaa wapigania uhuru wa FRELIMO. Vijana wa makabila mbalimbali ya Msumbiji walijifunza kuwa taifa moja, na mojawapo ya njia zao ilikuwa kufundishana ngoma na nyimbo za kwao.

Nimeyataja hayo kwa sababu moja. Mpango uliokuwa na mamilioni ya pauni haukudumu hata miaka mitano. Chama cha kuzikana, ambacho mtaji wake ni debe la unga na neno la mtu, kipo hadi leo. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu maendeleo, tusivitazame vyama hivi kama mabaki ya zamani. Ndivyo vilivyobaki vimesimama wakati mengine yaliporudi yalikotoka.

Pamoja na hayo, sikuja kuvisifu tu. Navyo vina ugonjwa wao, nami niliuona nyumbani kwetu. Naomba niusimulie kwa ufupi, bila kumtaja mtu, kwa sababu nia yangu si kumshitaki yeyote.

Mama yangu alikuwa mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana katika kijiji alichoolewa. Kila mwezi alitoa mchango wake, na sijawahi kusikia kwamba alikosa. Alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha, na fedha ya chama aliitenga kabla ya fedha ya chumvi. Siku mjomba wangu alipofariki, watu waliopata kukaa kwetu wanajua uzito wa jambo hilo, kwa maana kwetu mjomba ni nguzo ya ukoo. Mama alikwenda kwa viongozi wa chama akiwa na hakika moyoni. Akaambiwa kwamba daftari halionekani. Aliyekuwa akilitunza alikuwa amehama, na mwenye kukaa na fedha alisema kwamba kiasi kilichopo hakifiki hata bei ya sanda na mbao. Mwingine akasema mama ana deni la miezi mitatu. Mama akasema hana. Hakukuwa na maandishi ya kuamua nani mkweli.

Mjomba alizikwa, maana majirani hawakukubali aibu hiyo. Lakini kilichofuata ndicho kilichoniuma. Katika matanga wanawake walikaa katika mikeka miwili, waliomwamini mama upande huu na waliomwamini mtunza fedha upande ule, na hawakusalimiana. Chama kilikufa mwezi ule ule. Kwa miaka kadhaa watu wa vitongoji viwili vya kijiji kile hawakwenda kwenye misiba ya wenzao. Hadi leo sijui kama kuna aliyeiba. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyeiba hata shilingi moja, na kwamba kilichopotea ni daftari la kurasa 80 tu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba chama ni daftari. Upendo tunao, lakini upendo hauwezi kukumbuka nani alitoa nini mwezi wa Machi.

Ndugu wananchi, tufanye nini? Nitataja mambo manne.

La kwanza ni utunzaji wa fedha mbele ya macho ya wote. Vikundi vya kuweka na kukopa, tunavyovijua zaidi kwa jina la VICOBA au vikundi vya hisa, vina utaratibu ambao hata chama cha kuzikana na timu ya mpira vinaweza kuuiga. Asili yake ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na akina mama wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kwa kuwa hawakujua kusoma, utaratibu ulitungwa uwe wa kuonekana na kusikika. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mkutano ukiwa umekaa. Fedha huhesabiwa na watu wawili kwa sauti, na kila mwanachama hutakiwa kukumbuka kiasi kilichobaki hadi mkutano ujao. Fedha ya hisa hukaa mbali na fedha ya mfuko wa jamii, yaani ile ya msiba na ugonjwa, ili moja isile nyingine.

Angalieni hesabu hii rahisi. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akinunua hisa mbili kwa wiki kwa shilingi 1,000 kila hisa, kitakusanya shilingi 60,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 3,120,000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Hizo ni fedha za watu ambao kila mmoja wao, akiulizwa barabarani, atasema hana kitu. Fedha za kiasi hicho hazipaswi kukaa chini ya godoro la mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Tunapoweka kufuli tatu hatumtukani mtunza fedha. Tunamkinga na maneno ya watu.

La pili ni kalenda. Sisi ni wakulima, na fedha yetu huja kwa misimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na korosho huanza kuingia ghalani kuanzia Oktoba. Minada ya chama chetu kikuu cha RUNALI, kinachounganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndiyo inayoamua lini simu zetu zitalia kwa ujumbe wa malipo. Fedha ikiingia, sherehe nazo huingia. Ndio wakati wa harusi, wa kuwatoa wali, wa maulidi na ubatizo, wa kadi za mchango zinazofika mlangoni mbili kwa siku moja, na wa muziki unaopigwa hadi alfajiri. Sisemi watu wasifurahi. Mtu aliyepalilia mikorosho tangu mwanzo wa mwaka na kuipulizia salfa kwa miezi ana haki ya kucheza. Ninachosema ni kwamba vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana fedha mwezi Desemba, wakati ambao fedha ya korosho tayari imo mikononi. Mgao unaongeza maji katika mtungi uliojaa, nao unamwagika.

Ushauri wangu ni kwamba kikundi kikae na kujiuliza: ni mwezi gani nyumba zetu huwa na shida zaidi? Kwa wengi ni Januari, shule zinapofunguliwa na watoto wanapohitaji sare na madaftari. Kwa wengine ni Februari na Machi, wakati wa palizi, ghala likiwa tupu na mazao mapya bado mabichi. Kwa wakulima wa korosho ni wakati wa kununua salfa, kabla ya maua. Panga mgao uangukie mwezi huo. Ni mabadiliko yasiyogharimu hata shilingi, yanahitaji kikao kimoja tu, nayo yanaweza kumwokoa mkulima asiuze korosho zake zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, ile biashara tunayoiita kangomba.

La tatu ni watoto wetu. Jando na unyago ni shule ya wazee, na sitaki kusimama hapa kama mtu anayedharau mahali nilipofundwa. Lakini shule mbili haziwezi kumfundisha mtoto mmoja kwa saa moja. Likizo ya Juni na Desemba ipo, na wazee wetu tangu zamani walifanya shughuli hizi baada ya mavuno, wakati kuna chakula na hakuna kazi shambani. Kwa hiyo kuziweka ndani ya likizo si kuvunja mila, ni kuirudisha katika nafasi yake. Makungwi na mangariba waliopo hapa wanajua pia kwamba usafi wa vifaa na ushirikiano na zahanati si jambo la hiari tena. Na katika sherehe ya kuwatoa wali, tuwaangalie wale walioketi gizani pembeni ya muziki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumuuzia pombe. Haisemi chochote kuhusu msimu wa korosho kuwa na msamaha, na uraka ni pombe kama pombe nyingine.

Mwenye shughuli ya ngoma au muziki wa usiku apite kwanza katika ofisi ya mtendaji apate kibali. Najua kibali huonekana kama usumbufu. Lakini kibali kinamjulisha mtendaji mahali watu walipo, kinaweka saa ya kumaliza, na kikitokea cha kutokea, hakuna anayeuliza nani aliruhusu. Jirani mwenye mgonjwa ndani ana haki ya kulala kama vile mwenye harusi alivyo na haki ya kuimba.

La nne ni vijana na michezo. Wenzetu wa Ruangwa wametuonyesha kwamba klabu yenye jina la kijiji inaweza kufika mbali. Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Katika msimu huo huo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 kule Sumbawanga, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Watu waliokuwa wakiitazama Ligi Kuu kwenye vibanda umiza wakaanza kuitazama kwa macho yao katika uwanja wa Majaliwa. Mama lishe, bodaboda na wenye nyumba za wageni wanaweza kueleza maana ya siku ya mechi kuliko mimi.

Hata hivyo, si kila timu itakuwa Namungo, wala haihitaji kuwa. Timu ya kijiji inayokutana kila jioni, yenye jezi zilizofifia na mpira mmoja, tayari inatoa huduma, kwa kuwa kijana aliye uwanjani saa kumi na moja hayupo penye gongo. Tatizo ni kwamba timu nyingi huishi mwezi mmoja wa mashindano ya mwanasiasa au mfanyabiashara, kisha hutawanyika hadi zawadi nyingine itakapotangazwa. Timu ya namna hiyo si chama, ni msafara wa kufuata mbuzi. Naomba vijana wafanye kama mama zao. Wawe na katiba fupi, daftari, mchango hata wa shilingi 500, na uongozi unaochaguliwa. Timu ikisajiliwa kupitia Afisa Michezo kwa mujibu wa sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, inaweza kupokea msaada kwa jina lake yenyewe, na mfadhili akiondoka jezi hubaki. Na tusiwasahau mabinti. Uwanja wa kijiji haukuandikwa kuwa mali ya wavulana.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema wananchi wafanye nini. Ni haki niseme pia Halmashauri inawajibika kwa lipi, ili msije mkasema Afisa Habari alikuja kutoa mawaidha akaondoka.

Kwanza, usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya kifedha vya kijamii visajiliwe, na kazi hiyo hufanyika katika Halmashauri. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Njooni na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao kilichoamua kusajili. Kama kikundi hakina mtu wa kuandika katiba, kuwasaidia ni sehemu ya kazi ya afisa huyo, si hisani yake.

Pili, mikopo. Kila Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Nataka niseme wazi jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona: kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka, kwa watu wasiojuana ambao kila mmoja anasubiri fungu lake, hakitarejesha. Na mkopo usiorejeshwa ni mkopo ambao kikundi cha jirani hakitaupata. Kikundi kilichokaa mwaka mzima na sanduku lake na daftari lake kina jibu la maswali yote kabla hakijaulizwa.

Tatu, mahali. Mara nyingi tunajenga madarasa na ofisi, tukisahau kwamba watu wanahitaji pia kivuli cha kukutania. Mwembe wa kijijini umefanya kazi hiyo kwa uaminifu, lakini mvua ya Januari haiuheshimu. Vikundi vinavyohitaji kutumia ukumbi wa kata au darasa wakati wa likizo viandike barua kwa mtendaji na nakala kwa Diwani. Na katika mikutano ya kupanga bajeti kuanzia ngazi ya kijiji, msione haya kusema: tunaomba banda la mikutano. Hilo ni ombi la maendeleo kama ombi la choo cha shule.

Ndugu wananchi, nihitimishe. Siku hizi ni rahisi kuwa na watu 200 katika kundi la WhatsApp na ukakosa watu sita wa kubeba jeneza. Simu hutuma pole, lakini haichoti maji. Yale ambayo wazee wetu walifanya kwa ngoma, kwa ujima na kwa utani yanahitaji miguu ya mtu kufika. Na ili miguu iendelee kufika, lazima mtu awe na uhakika kwamba alichokitoa kimeandikwa na kitakumbukwa siku yake.

Mama yangu bado yupo. Mwaka ambao vitongoji vile vilianza tena kusalimiana, ni yeye na yule mtunza fedha wa zamani waliokwenda pamoja dukani. Walinunua daftari jipya lenye jalada gumu na kufuli tatu. Hawakuzungumzia ya nyuma. Mama anashika ufunguo mmoja, mwenzake anashika mwingine, na wa tatu uko kwa binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye ndiye anayeandika. Kila mkutano anasoma majina yote kwa sauti, na wakongwe wasiojua kusoma wanaitika.

Nendeni mkaulize katika vikundi vyenu: daftari letu liko wapi, na nani mwingine amelisoma? Kama jibu litachelewa, msisubiri msiba uwajibu.